Bamba la Kifua la Mjomba Reijo

Mjomba Reijo alikuwa na deraya nzima kasoro kifua. Hebu mtazame vizuri kabla hatujaendelea: kofia ya chuma yenye pembe, mabega ya chuma mapana kama meza mbili za chai, glavu za chuma, suruali ya chuma, buti za chuma zinazotoa mwanga wa buluu akitembea gizani. Halafu hapo katikati, pale pale penye moyo, kizibao cha manyoya ya sungura. Alifanana na mtu aliyetoka mbio kwenye nyumba inayoungua akasahau shati.

Haya yote ni ndani ya mchezo, mchezo wa mtandaoni wa mapanga na majoka. Nje ya mchezo Mjomba ni fundi mstaafu wa kiwanda cha karatasi hapa Thunder Bay, ana sweta moja la kahawia analolipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na mgongo unaotabiri theluji kuliko redio. Akishawasha kompyuta anaitwa Ukuta, na jina lenyewe ndiyo kazi: anasimama mbele ya joka, anapigwa, na sisi wengine tunajificha nyuma yake tukilirushia joka vitu na matusi.

Deraya inaitwa Deraya ya Jitu Lililolala. Ina vipande sita, kila kipande na joka lake, na majoka hayo hutoa yakijisikia. Vitano Mjomba alishavipata. Cha sita, bamba la kifua, hutoka kwa Bibi Moshi peke yake, joka jike linalokaa kwenye pango la maji moto na kuua watu kwa mvuke. Bibi Moshi ni bahili, hasemeki. Tulimuua kila Jumapili kwa miaka mitatu, na kila Jumapili akatuachia upuuzi: kijiko, nusu ya ramani, mguu wa chura. Waliowahi kuvaa kifua chake walikuwa wachache kiasi kwamba wakikatiza sokoni, humo humo mchezoni, watu huacha kuuza na kuwafuata nyuma kama wanasindikiza bibi harusi.

Ungedhani aliyekuwa na hamu zaidi na bamba hilo ni Mjomba. Wapi. Ni mkewe, Shangazi Marjatta.

Shangazi hajawahi kucheza mchezo wowote unaohitaji umeme. Shida yake ilikuwa sauna, kile chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto. Nyuma ya nyumba yao kuna sauna ya magogo aliyoijenga baba yake, yaani babu yangu Arvo, ambaye nimebeba jina lake na, kwa bahati mbaya, pua yake. Shangazi alizaliwa humo. Sitanii, alizaliwa humo humo, kwenye benchi la chini, kama Wafini wengi wa zamani. Miaka mitatu iliyopita jiko la sauna lilipasuka. Mjomba akanunua jipya, akaliweka gereji ndani ya boksi lake, akatamka maneno ambayo angejua angeyameza: "Marja, nikimaliza tu deraya, Jumapili inayofuata nalifunga."

Shangazi alidhani kumaliza deraya ni kama kumaliza bakuli la supu. Akakubali. Na kwa Shangazi mkishakubaliana mmekubaliana: hakumsukuma, hakununa, hakuita fundi mwingine. Kila Jumapili alikuja na kahawa, akasimama nyuma ya kiti cha Mjomba, akauliza neno moja.

"Bado?"

"Bado."

"Haya."

Halafu anachukua taulo lake, anakwenda kwenye sauna ya bwawa la kuogelea la mjini, ambako, kwa maelezo yake, watu wanaingia wamevaa nguo za kuogelea kama wana kitu cha kuficha, na kuna tangazo ukutani linalokataza kuyamwagia mawe maji. "Sauna isiyomwagiwa maji," husema Shangazi, "ni kabati lenye homa."

Mimi naishi nao, chumba cha chini kabisa cha nyumba, kwa sababu chuo kiko karibu na chakula kiko karibu zaidi. Mchezoni mimi ni mwizi, naitwa Kisu Baridi. Kazi yangu ni kumchoma joka mgongoni na kumcheka Mjomba. Ya pili ndiyo niliyosomea. Kikosi chetu kinaitwa Bata Bukini wa Chuma. Kuna Supu, tabibu wetu, ambaye nje ya mchezo ni Delphine, dereva wa gari la kusukuma theluji huko mji wa Marathon, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Kuna wawili watatu wanaokuja na kwenda. Na kuna Malkia Kunguru, mchawi.

Malkia Kunguru tulikuwa tunamjua kuliko tunavyojijua. Tunajua kidole chake cha mguu kinachouma, tunajua bwana wake wa zamani aliondoka na kibaniko cha mikate, tunajua hali kamba wa baharini. Tunajua anaishi mji huu huu, maana umeme ukikatika kwetu na yeye anakatika katikati ya tusi. Jina lake? Hatujui. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kwenye kikosi, kumuuliza mtu jina lake la nyumbani ni kama kumuuliza ana meno mangapi. Jina la Ukunguru tulimpa kwa tabia: amewasha kile kitufe kinachookota chenyewe kila kilichoachwa chini. Mifupa, manyoya, kandambili za mashetani, vyote vinaruka vyenyewe kuingia mkobani mwake, na siku akikumbuka anavisaga vyote kuwa vumbi la uchawi.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana kisa kizima kimekaa juu yake. Joka likifa na kitu kikatoka, kila mtu anaona kidirisha chenye vitufe viwili: Nahitaji, na Napita. Waliobonyeza Nahitaji wanapigiwa dadu. Vikosi vingine hapo ndipo urafiki unapozikwa. Nimesikia watu wazima wakilia. Sisi hatuna dadu. Kila kitu kina mwenye zamu. Yeye peke yake anahitaji, wengine wote tunapita. Kifua cha Bibi Moshi zamu yake ilijulikana hata na wageni. Mgeni akiingia, kabla hajaambiwa karibu anaambiwa: "Kikitoka kifua, pita."

Basi, Jumapili hiyo, mchana, theluji inashuka nje kama mtu anachekecha unga, Bibi Moshi akafa kama kawaida yake. Tukasubiri kijiko.

Hakikutoka kijiko.

"Jamani," akasema Supu kwenye kipaza sauti. "Jamani, jamani, jamani!"

Mbwa wake akaanza kubweka. Kioo cha kompyuta yangu kikawa cha dhahabu: Bamba la Kifua la Jitu Lililolala. Nikabonyeza Napita, nikatupa vipokea sauti vya masikioni, nikapanda ngazi mbio kumkumbatia Mjomba sebuleni. Nilimkuta Shangazi ameshafika. Hakuwa anajua kusoma kile kioo, lakini miaka mitatu inatosha mtu kujua rangi ya dhahabu. Alikuwa ameshika sinia la biskuti, na biskuti zilikuwa sakafuni.

"Ni chenyewe?" akaniuliza kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani.

"Ni chenyewe, Shangazi!"

Tukageukia kioo pamoja. Maandishi yalikuwa yanasema: Wote wamepita. Kifua kilikuwa kimelala chini, kwenye matope ya pango, hakina mwenyewe. Halafu kikatikisika, kikaruka hewani kama mtu amekivuta kwa kamba.

Malkia Kunguru ameokota: Bamba la Kifua la Jitu Lililolala.

"Haya wapendwa, nimechelewa kazini, mbaki salama," sauti yake ikasema kwa furaha ya mtu asiyejua kitu.

Malkia Kunguru ameondoka mchezoni.

Hata mbwa wa Supu aliacha kubweka.

"Wote wamepita?" nikasema. "Wote vipi? Mjomba, si ulitakiwa kubonyeza Nahitaji?"

"Nimebonyeza!" akasema Mjomba. "Yaani, nilibonyeza. Miwani ilipata ukungu wa kahawa. Labda kidole kiliteleza."

"Kiliteleza mpaka upande wa pili wa kioo?"

"Usinihoji, Arvo. Mimi ni mgonjwa wa mgongo."

Mchezo una huruma kidogo, lakini kidogo kweli. Kitu kilichookotwa kinaweza kutolewa kwa mwenzako aliyekuwepo joka likifa, ndani ya muda wa saa mbili, ninyi wawili mkiwa mmesimama karibu. Muda huo ukipita kinamganda aliyekiokota milele. Na mchawi hawezi kuvaa chuma. Malkia Kunguru angekikuta mkobani siku nyingine, katikati ya miguu ya vyura, akakisaga.

Mjomba akanyoosha mkono, akaokota biskuti sakafuni, akaila. "Basi tena," akasema. "Ni chuma tu. Bibi Moshi yupo, Jumapili ijayo tutarudi."

Niliona ametulia mno. Mtu ambaye siku moja aligombana na mashine ya kufulia kwa sababu ya soksi, leo amepoteza miaka mitatu na anatafuna biskuti. Lakini sikupata muda wa kulifikiria hilo, kwa sababu Shangazi alikuwa tayari anavaa buti.

"Tunamfuata," akasema.

"Nani?"

"Huyo kunguru."

"Shangazi, hatujui jina lake. Mji huu una watu zaidi ya laki moja!"

"Wachawi wangapi?"

Nikaanza kutafuta buti zangu.

"Marja, barabara zimejaa theluji," akasema Mjomba.

"Wewe kaa hapo hapo. Usizime hiyo kitu, usiende chooni, usisogee. Si lazima msimame karibu? Simama karibu." Akanigeukia. "Arvo, wewe huwa unarekodi hizo kelele zenu, si ndiyo? Umeshamtumia mama yako Mjomba wako akipiga mayowe, na mama yako akanitumia mimi. Lete."

Nilikuwa na rekodi nyingi, zote kwa ajili ya kumdhalilisha Mjomba. Nikaweka simu mezani, nikaichezesha moja. Sauti ya Malkia Kunguru ikawa inamlalamikia bwana wa kibaniko, na nyuma yake, kama siku zote, kitu kinagonga: du, du, du, KWANG. Du, du, du, KWANG. Sauti hiyo tuliijadili miaka miwili. Supu alisema ni mashine ya kufulia. Mimi nilishikilia kwamba ni mume anayekoroma. Sisi ndio watu tunaoweza kulitambua joka kwa kikohozi chake likiwa nyuma ya milima miwili.

Shangazi alisikiliza KWANG moja tu.

"Hiyo ni mashine ya kukandia unga ya Sundqvist," akasema. "Imevunjika jino. Nasimama mbele yake kila Jumamosi nikisubiri mkate mweusi. Huyo anaishi juu ya duka la mikate, na kazi yake itakuwa hapo hapo chini. Twende."

Tulienda. Shangazi akiendesha gari kwenye theluji haendeshi, anaamuru. Niliweka simu juu ya dashibodi, kikosi kizima kikiwa hewani, ili tujue Mjomba hajazima kompyuta.

"Mama, usikanyage breki kwenye kona," Supu akamwelekeza kutoka Marathon. "Mimi ndiyo kazi yangu hii."

"Mwanangu, mimi nilikuwa naendesha kwenye barafu wewe hujaota meno."

"Sawa mama. Basi angalau tazama mbele, sio simu."

"Umejuaje natazama simu?"

"Sauti yako inakuja karibu halafu inaenda mbali."

Duka la mikate la Sundqvist lilikuwa limefurika. Watoto walikuwa wametoka kwenye mechi ya magongo ya barafuni, bado wana jasho na fimbo, na kila mmoja anataka yale maandazi ya kwetu yenye sukari ya rangi ya waridi juu. Mashine ilikuwa kule nyuma, du, du, du, KWANG. Kaunta ilikuwa na wasichana wawili na mzee mmoja mwenye masharubu, wote wana kofia nyeupe. Yupi mchawi? Sauti ya mtu kwenye kipaza sauti na sauti yake akisema "anayefuata" ni ndugu wasiofanana.

Nikakumbuka salamu ya kikosi. Nikavuta pumzi, nikaiweka aibu pembeni, nikapaza sauti katikati ya foleni:

"BUKINIII!"

Duka zima likageuka. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Nyuma ya trei za mikate, msichana aliyekuwa ameinama, bila kufikiri, bila hata kuinua kichwa, akajibu:

"Kwaa!"

Kisha akainuka taratibu, ameziba mdomo kwa mkono wenye sukari.

"Kisu Baridi?" akasema. "Wewe ndiye Kisu Baridi? Mbona nilidhani una ndevu?"

"Na mimi nilidhani una mume anayekoroma."

"Naitwa Janelle. Janelle Moonias."

"Arvo."

"Arvo? Hilo si jina la mzee?"

"Mtaoana baadaye," Shangazi akapasua katikati yetu kwa kiwiko. "Binti, umeokota kifua cha mume wangu. Kiko mkobani mwako, kwenye vyura. Muda unakwisha."

Janelle alipoelewa, rangi yote ikamtoka usoni. "Mungu wangu. Mimi hata sikuangalia nimeokota nini! Mimi naokota tu!" Akatazama foleni, akamtazama yule mzee wa masharubu. "Lakini siwezi kuondoka kaunta, mzee Sundqvist ataniua."

"Mzee Sundqvist nimesoma naye," akasema Shangazi. "Oskar! Huyu binti anapanda juu mara moja. Nipe aproni."

Mzee Sundqvist akamtazama Shangazi, akatoa aproni. Janelle akapanda ngazi za nyuma mbili mbili. Nikaweka simu juu ya kaunta, sauti juu kabisa, tumsikie akiingia hewani. Shangazi akashika koleo la maandazi.

"Anayefuata!"

"Naomba sita za waridi," akasema baba mmoja mnene.

"Chukua nne. Anayefuata!"

Simu ikapiga kengele ndogo. Malkia Kunguru amerudi.

"Nimefika, nimefika!" Janelle alikuwa anahema. "Kipo! Kipo hapa, kati ya kandambili na mkia wa fisi. Ukuta, uko wapi? Bado uko pangoni? Naja. Usisogee."

"Sisogei," ikasema sauti ya Mjomba. Ilikuwa sauti ndogo.

"Nakuona. Aa, kizibao cha sungura, nitakikumbuka hicho. Haya, nakupa sasa. Lakini mjomba, niulize kitu? Mbona ulipita?"

"Nini?"

"Mimi huwa sina macho ila hapo nilikuwa natazama, nikisubiri kukupigia makofi. Liliandikwa jina lako kabisa: Ukuta amepita. Wa kwanza, kabla ya wote. Nikasema basi, labda hakitaki tena."

Koleo la Shangazi likasimama hewani, limeshika andazi. Foleni nayo ikasimama. Watoto wa magongo waliacha kusukumana. Du, du, du, KWANG.

"Reijo," akasema Shangazi.

"Marja? Umesikia? Ni miwani, ule ukungu wa..."

"Reijo."

Tukamsikia akivua miwani. Siwezi kueleza tulisikiaje, lakini tulisikia.

"Nilipita," akasema.

"Kwa sababu ya jiko."

"Jiko? Hapana! Jiko ni kazi ya asubuhi moja tu."

"Lo," akanong'ona yule baba mnene. "Hapo kajimaliza."

"Asubuhi moja," Shangazi akarudia. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Majira matatu ya baridi nakaa kwenye kabati lenye homa na watu waliovaa chupi za mpira. Asubuhi moja."

"Marja, nisikilize. Kila anayemaliza deraya anaondoka. Yule bwana wa Duluth alivaa yake kamili, tukamshangilia, Jumapili iliyofuata hakuja. Yule dada muuguzi, hivyo hivyo. Ukishavaa yote hakuna cha kukuleta tena. Kiwandani siku ya mwisho walinipa saa ya ukutani, wakanishika mkono, wakasema hongera Reijo, umemaliza. Nikarudi nyumbani nimemaliza, nikakaa. Nilisikia vile unavyosikia redio imezimwa." Akakohoa. "Jumapili nina hawa watoto. Wananitukana vizuri. Kilipotoka kile kifua nikaona hongera nyingine inakuja. Kidole hakikuteleza."

Nilitafuta mzaha wa kuweka hapo. Mimi huwa nayo mfukoni, kila saizi. Sikupata hata mmoja.

"Ukuta, we mzee wa ajabu," Supu akasema, na sauti yake ilikuwa imeloa. "Ungeondoka sisi tungejificha nyuma ya nani?"

Shangazi aliliweka andazi chini, kwenye karatasi, polepole.

"Humo ndani mko wangapi?" akauliza.

"Jumapili nzuri, saba," akasema Mjomba. "Mara nyingine sita."

"Benchi la baba linabeba wanane. Tisa kama mmoja ni Arvo, maana hana makalio."

Foleni nzima ikanitazama makalio. Asante, Shangazi.

"Unaona, Reijo," akaendelea, "mimi nilikuwa nasubiri umalize uje ukae na mimi. Wewe ulikuwa unaogopa kumaliza usije ukakaa peke yako. Miaka mitatu tumesimama kila mtu upande wake wa mlango mmoja, na boksi lako la jiko katikati. Ungesema tu. Nani alikuambia sauna ni ya watu wawili? Baba alikuwa anakaribisha mtaa mzima mpaka mtu wa posta." Akashika tena koleo. "Sasa vaa hicho kifua. Halafu walete watu wako."

"Marja..."

"Vaa!"

"Mjomba, muda," Janelle akalia kutoka juu. "Jamani muda! Nimeshakiweka mbele yako, bonyeza Pokea!"

"Bonyeza, mzee!" akapiga kelele baba mnene.

"Bonyeza! Bonyeza!" Watoto wa magongo wakaanza kugonga fimbo sakafuni. Hawakujua kinabonyezwa nini, lakini walikuwa watoto wazuri, wanaunga mkono lolote.

Simu ikatoa mlio mmoja wa kitufe. Halafu zikalia tarumbeta, zile za dhahabu ambazo miaka mitatu nilizisikia kwa watu wengine tu, zikafuatiwa na sauti ya Mjomba akipiga yowe, lile lile ninalomtumia mama yangu. Duka likalipuka kwa makofi. Mzee Sundqvist akafuta masharubu kwa aproni ya mtu mwingine.

"Tumeshinda nini?" bibi mmoja akaniuliza.

"Kifua," nikamwambia.

"Alhamdu," akasema, nisijue kajifunzia wapi, akachukua mkate wake akaenda.

Nikwambie ukweli kuhusu deraya kamili ya Jitu Lililolala: ni mbaya. Vipande sita vikikutana vinavimba. Mjomba akawa mpana kama ghala la ngano, hapiti mlango wowote. Kile kilabu chetu cha mchezoni, tunapokutana kunywa pombe ya hewa, alikwama mlangoni siku ya kwanza tu, kichwa ndani, mengine nje kwenye mvua, na ikabidi sote tuhamie nje. Alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Watu wa sokoni walimfuata nyuma. Yeye akawa anawasimamisha kuwaonyesha kizibao cha sungura, ambacho amekataa kukiuza.

Jiko alilifunga asubuhi moja, kama alivyosema, na Shangazi alimwangalia muda wote huo akiwa amekunja mikono, hakusema kitu, na Mjomba alisikia kila neno.

Jumapili iliyofuata Delphine, yule Supu wetu, aliendesha kutoka Marathon kwa gari lake la kazi, maana gari jingine lolote lisingefika. Akaacha njia safi nyuma yake mwendo wote. Ni mwanamke mrefu mwenye mikono ya kushika usukani, na sauti yake niliyoizoea masikioni ilinishangaza ikitoka juu hivyo. Janelle alikuja na trei ya maandazi ya waridi. Wengine wawili walikuja pia, mmoja fundi bomba, mwingine mwalimu wa hesabu. Mwalimu alikaa kimya, nikakumbuka kuwa ndiye huwa anatukana kuliko wote. Tulisimama kwenye theluji tukitazamana viatu kama watu kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua vizuri. Shangazi aliruhusu tuingie tumejifunga mataulo. Alisema ni aibu, lakini wageni ni wageni.

Mambo yalikaa sawa tulipoingia ndani na mlango ukafungwa. Kulikuwa na giza na harufu ya magogo na majani ya mbetula, ule mti wa gome jeupe, na katika giza tukawa tena sauti tu.

"Nani kanikanyaga kidole?"

"Kile kinachouma?"

"Kile kile, Kisu Baridi, we mjinga!"

Hakuna aliyetupanga, nakuapia, lakini tulipokaa tulikaa vile vile tunavyosimama pangoni. Mjomba mbele kabisa, magoti yanakaribia kugusa jiko. Supu nyuma yake upande wa kulia. Janelle kwenye kona na sahani ya maandazi, ameshaokota na kijiko cha mtu. Mimi nyuma ya wote, tayari kukimbia. Na kando ya ndoo ya maji, amesimama wima na kata mkononi, Shangazi Marjatta, mtoto wa benchi la chini, aliyesubiri majira matatu ya baridi.

Akamwaga maji kwenye mawe. Mawe yakapiga kelele. Mvuke ukapanda hadi darini, ukashuka, na kikosi kizima cha Bata Bukini wa Chuma kikainama kwa pamoja nyuma ya mgongo wa Mjomba.

"Supu, nitibu!" akalia mwalimu wa hesabu.

"Nimeacha uchawi kwenye gari!"

Shangazi alisubiri mvuke utulie. Mjomba alikuwa mwekundu kama kaa la moto, jasho linamshuka kwenye pua, mgongo wake mbovu umenyooka kuliko ulivyonyooka tangu astaafu.

"Bado?" akamuuliza.

"Bado," akasema Mjomba.

"Haya," akasema Shangazi, akachota kata nyingine.